Kidole kinajikunja halafu kinagoma kunyooka: banzi, sindano au upasuaji? (Uzi mrefu)

Mkono Kazi (mleta mada)

Wakuu, habari zenu.

Kila mtu anapouliza humu kuhusu kidole kinachonasa, majibu huwa yale yale: "kachue kwa mafuta ya moto", au "usikubali kukatwa, mkono utapooza". Yananiuma, kwa sababu nimepitia tatizo hili kwa vidole viwili. Kidole cha pete kilipona kwa banzi, yaani kifaa kigumu cha kukishikilia kidole kitulie. Kidole gumba kiliishia kwenye upasuaji. Naandika kwa kirefu ili anayeanza kusumbuliwa leo ajue yuko hatua gani na afanye nini.

Kwanza dalili. Asubuhi unaamka kidole kimekunja. Unajaribu kukinyoosha, kinagoma, halafu kinafyatuka ghafla kwa mlio wa "ta!" na maumivu yanayokufanya ushike mkono. Mchana kinalegea kidogo, kesho asubuhi mchezo ule ule. Sasa fanya hivi: weka ncha ya kidole cha mkono mwingine kiganjani, chini ya kidole kinachosumbua, kwenye ule mstari wa kiganja ulio karibu na vidole. Kama ni kidole gumba, gusa kwenye mkunjo wa shina lake. Bonyeza kidogo, kisha kunja na kunjua kidole kibovu polepole. Utahisi kijinundu kigumu kikipita chini ya ncha ya kidole chako, kwenda na kurudi. Tatizo lipo hapo. Wengi maumivu wanayasikia kwenye kifundo cha kati, basi wanachua kifundo hicho miezi na miezi wakati ugonjwa uko kiganjani.

Misuli mikuu inayokunja vidole haikai kwenye vidole. Iko juu, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na inavuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kiganjani. Kano hizo zimo ndani ya ala, yaani mfuko mwembamba kama mrija unaozifunika, na ala imeshikizwa kwenye mifupa kwa pete ngumu kadhaa ili kano isiinuke tunapokunja. Pete ya kwanza iko mlangoni mwa ala, hapo hapo ulipogusa. Pete ikinenepa na kano ikavimba, inakuwa uzi wenye fundo kwenye tundu la sindano. Misuli ya kukunja ina nguvu, inalivuta fundo mpaka linapita. Ya kunyoosha haina nguvu hizo, ndipo kidole kinabaki kimekunja. Daktari Mfaransa Alphonse Notta alieleza hali hii mwaka 1850, na kijinundu kile mpaka leo madaktari wanakiita kwa jina lake.

Inawapata zaidi wanawake, na zaidi walio kati ya miaka 40 na 60. Kwa wasio na kisukari, watu 2 au 3 kati ya 100 hupata maishani. Kwa wenye kisukari hufika 10 kati ya 100. Wenye baridi yabisi, gauti, au tezi ya koo inayofanya kazi chini ya kiwango nao wamo. Kama vidole kadhaa vimeanza kunasa na hujawahi kupima sukari, kapime.

Sasa hatua, maana hapa ndipo uamuzi unapotoka. Mwanzo ni maumivu tu kiganjani. Kisha kidole kinanasa lakini kinajifungua chenyewe. Kisha hakifunguki mpaka ukinyooshe kwa mkono wa pili. Mwisho hakinyooki kabisa, au hakikunji kabisa. Hatua mbili za kwanza ni za banzi. Ya tatu banzi linaweza kusaidia, ila usilitegemee muda mrefu. Ya nne usipoteze siku, muone daktari wa upasuaji wa mikono au wa mifupa.

Banzi lenyewe. Watu wanafunga kidole kizima kwa kijiti na plasta, usiku na mchana, wakikifungua kimekakamaa. Banzi linalotumika zaidi linashika kifundo cha chini tu, kile kinachounganisha kidole na kiganja, kikiwa kimenyooka au kimekunja nyuzi (digrii) 10 hadi 15 hivi. Vifundo viwili vya juu vinabaki huru. Kifundo cha chini kikitulia, safari ya kano chini ya ile pete inakuwa fupi, msuguano unapungua, uvimbe unapata nafasi ya kushuka. Langu lilitengenezwa kwa plastiki inayolainishwa kwenye maji ya moto: mtaalamu aliiweka ikiwa laini, akaikandamiza kwenye kiganja changu, akanishikia kidole mpaka ikagumu kwa umbo la mkono wangu, kisha akafunga mkanda wa kunata nyuma ya mkono. Ukingo wa chini ulikuwa unanikwaruza, akaupasha moto akaukunja nje palepale. Hilo nalisema kwa sababu banzi linalokwaruza hulivai, na usipolivaa halikusaidii.

Muda ni wiki 6 mpaka 10. Si siku tatu. Kwa waliovaa sawasawa wakiwa hatua za mwanzo, tafiti nyingi zinaonyesha kati ya nusu na theluthi mbili wanapata nafuu. Kidole changu cha pete kilianza kuacha kulia kwanza, maumivu ya kiganjani yakafuata. Ila kama kimenasa zaidi ya miezi sita, au vidole vinavyonasa ni vingi, uwezekano unapungua.

Habari ya kidole gumba na upasuaji nitaileta chini. Karibuni kwa maswali.

Charahani

Mleta mada ubarikiwe. Mimi ni mshonaji. Kidole cha kati kinanasa, kinajifungua chenyewe. Mkasi ndiyo ugali wangu, siwezi kukaa na banzi mchana kutwa. Nikivaa usiku tu itatosha?

Fizio wa Mikono

Dada Charahani, habari. Nafanya kazi ya kurekebisha mikono, naomba nikujibu.

La usiku linasaidia sana ile hali ya kuamka kidole kimekunja, kwa sababu usingizini tunakunja ngumi bila kujua. Kwa usiku unaweza hata kutumia dogo linaloshika kifundo cha kati kikiwa kimenyooka. Lakini kazi ya kano iko mchana, na kwako ndiyo kubwa zaidi. Kwa hiyo usiliache la mchana. Lile alilolieleza mleta mada linaacha ncha za vidole huru, utashika kitambaa, utaongoza mshono, utatia uzi. Kitakachokupa shida ni mkasi, maana mkasi unataka ngumi nzima. Kata vitambaa vyote kwa mkupuo mmoja, kisha rudisha banzi. Na ule mkasi wenye matundu membamba ya vidole, badilisha upate wenye mpini mpana unaojifungua kwa springi.

Ukiwa umelivaa, fanya zoezi hili: kunja vifundo viwili vya juu tu kama unaning'inia kwenye bomba, nyoosha, rudia mara 20, kila baada ya saa mbili ukiwa macho. Kano inateleza bila kuburuta fundo kwenye pete. Vua pete ya kidoleni kama unayo. Ngozi ikibadilika rangi au kidole kikifa ganzi, banzi limebana, lilegezwe.

Jambo moja nawasihi wote: acheni kukifyatua kidole kila dakika ili kuona kama bado kinanasa. Kila "ta!" ni fundo linasagwa kwenye pete. Kuchua kijinundu kwa nguvu pia ni kukichokoza.

Sukari Juu

Wakuu mimi nina kisukari cha ukubwani, vidole vitatu vinanasa, kimoja mpaka nikinyooshe kwa mkono. Daktari kapendekeza sindano ya steroidi, ile dawa ya kushusha uvimbe. Nimesikia inapandisha sukari. Nikatae?

Mkono Kazi (mleta mada)

Mkuu, sindano nilichomwa kwenye kidole gumba kabla ya upasuaji, kwa hiyo naijua. Inachomwa palepale kiganjani, dawa ikiwa imechanganywa na ganzi. Kuchomwa kiganjani kunauma, sitakuficha, lakini ni kwa muda mfupi. Siku moja mbili baadaye mkono unaweza kuuma zaidi ndipo upoe. Nafuu haiji palepale, inaweza kuchukua wiki mbili tatu. Ya kwangu ilinituliza kwa miezi, halafu kidole kikaanza tena.

Kwa ujumla zaidi ya nusu ya watu hupata nafuu kwa sindano moja. Ikirudi unaweza kuchomwa ya pili. Madaktari wengi hawazidishi mbili au tatu kwenye kidole kimoja, kwa sababu dawa hiyo ikirudiwa inaweza kudhoofisha kano. Ngozi ya pale ilipoingia inaweza kupauka, na nyama ya chini yake ikabonyea kidogo.

Kuhusu sukari namuachia Fizio.

Fizio wa Mikono

Ndugu Sukari Juu, ni kweli inapanda. Hupanda kwa siku kadhaa, mara nyingi si zaidi ya wiki, hata kama dawa imechomwa kidoleni. Si sababu ya kukataa moja kwa moja, ni sababu ya kujiandaa. Mwambie anayekuchoma na anayekutibu kisukari, wote wawili. Pima mara nyingi zaidi siku hizo, na uwe na maelekezo mapema ya kufanya nini ikivuka kiwango. Kama kwa sasa sukari yako haishikiki, ishusheni kwanza. Wala msikubali kuchomwa vidole vyote vitatu siku moja bila kulijadili hilo.

Ukweli mwingine ni kwamba kwa mwenye kisukari sindano hufanikiwa kwa kiwango kidogo kuliko kwa wengine, na kidole hurudia zaidi. Kwa kile kinachohitaji mkono wa pili, mimi ningekaa na daktari kuujadili upasuaji mapema badala ya kuupanga foleni nyuma ya sindano tatu. Vile viwili vyepesi, banzi lianze leo. Na kama usiku vidole vinakufa ganzi, hasa gumba, shahada na cha kati, mwambie daktari: mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono huenda pamoja na tatizo hili, na kwa wenye kisukari ni mara nyingi.

Siogopi Kusema

Mimi napingana nanyi. Jirani yangu alifanyiwa huo upasuaji na kidole mpaka leo hakinyooki. Kisu ni biashara za watu. Bora kidole kinachonasa kuliko kidole kilichokufa.

Mkono Kazi (mleta mada)

Mkuu, pole kwa jirani. Swali langu ni moja: kabla ya upasuaji kidole kilikaa kimekunja muda gani? Nauliza kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoumia, na mimi kinachonitisha si kisu, ni kusubiri. Kidole kikikaa kimekunja kwa miezi, kifundo cha kati kinakakamaa chenyewe: kifuko cha kiungo kinajifupisha, kano zinazokizunguka zinajifunga. Siku daktari anafungua pete kiganjani, kano inateleza vizuri kabisa, lakini kifundo hakina tena uwezo wa kunyooka. Mtu anaona "upasuaji umeniharibia", kumbe kifundo kilishafunga kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

Sasa nieleze ulivyokwenda wangu. Nilikuwa macho muda wote. Nilichomwa ganzi ya palepale iliyochanganywa na dawa ya kubana mishipa ya damu, tukasubiri mpaka ngozi ikapauka, kisha daktari akachana kidogo kwenye mkunjo wa shina la kidole gumba, pasipozidi sentimita mbili. Akatangulia kuzitafuta neva zilizo pembeni akaziweka kando, maana kwenye kidole gumba neva imekatiza karibu sana na ile pete, chini tu ya ngozi. Kisha akaikata pete kwa urefu wake. Sikusikia kitu zaidi ya kuvutwa. Akaniambia: "Kunja. Nyoosha. Tena." Nikaomba nione. Kano nyeupe inayong'aa ilikuwa inateleza kwenda na kurudi bila kukwama, na pale ilipokuwa inabanwa palionekana pamenenepa. Faida ya kuwa macho ni hiyo: daktari anahakikisha palepale kuwa hakuna kinachobaki kunasa kabla hajashona. Kazi yenyewe ni ya dakika 10 hadi 20.

Watu wanauliza, pete ikikatwa kano haitalegea? Kidole kina pete kadhaa. Kwa vidole visivyo gumba, zinazobeba kazi kubwa ya kuishikilia kano kwenye mfupa ni ya pili na ya nne, na hizo haziguswi. Ndiyo maana utamtaka mtu aliyezoea mikono, asiingie pete ya pili. Hatari zipo: maambukizi, neva kuguswa, kovu linalouma, ukakamavu, mara chache kunasa kurudi. Lakini zaidi ya watu 90 kati ya 100 wanapona, na hakuna tiba nyingine ya kidole hiki yenye matokeo ya namna hiyo.

Charahani

Kuna mtu kaniambia siku hizi wanafungua kwa sindano bila kuchana. Ni kweli?

Fizio wa Mikono

Ni kweli, na si jambo la juzi. Njia ya kuifungua pete kupitia tundu dogo la ngozi ilielezwa na Lorthioir mwaka 1958. Leo wengi hutumia ncha ya sindano nene, wengine wakiongozwa na kipimo cha mawimbi ya sauti. Hakuna nyuzi, na kidonda ni tundu tu. Inafaa zaidi kidole cha kati na cha pete. Kwa kidole gumba na shahada neva ziko karibu mno, wengi hupendelea kuchana na kuona wanachokata.

Mtu usichanganye hii na sindano ya steroidi. Ile ni dawa, hii ni upasuaji.

Na kama umechomwa steroidi majuzi, mwambie daktari wa upasuaji, kwa sababu kupasua mapema baada ya sindano hiyo kunaongeza hatari ya maambukizi. Mara nyingi atataka upite muda kwanza.

Mama Wawili

Samahani kwa kuingilia. Mwanangu ana miaka miwili, kidole gumba ncha yake imekunja hainyooki, hakilii wala hakimuumi. Bibi yake anataka kukivuta kila siku. Ni ugonjwa huu huu?

Fizio wa Mikono

Mama, kwa watoto kipo, na mara nyingi ni kidole gumba, tena bila maumivu. Ukigusa kwenye shina utakuta kijinundu kile kile. Lakini usimfananishe na mtu mzima. Hachomwi steroidi, na hakuna haraka ya kumpasua, kwa sababu wengi vidole vyao hufunguka vyenyewe kadiri wanavyokua, ingawa inaweza kuchukua miaka. Kunyoosha taratibu ukielekezwa na mtaalamu ni sawa. Kuvuta kwa nguvu hapana, mwambie Bibi kwa heshima zote aache. Mpeleke daktari wa watoto au wa mifupa athibitishe hakuna kitu kingine, kisha mtafuatilia. Kisipofunguka, baadaye anafanyiwa upasuaji mdogo na matokeo kwa watoto ni mazuri sana.

Mama Wawili

Asante sana, nimeelewa. Nitampeleka.

Viungo Vinauma

Mimi nina baridi yabisi ya muda mrefu, nimeambiwa pete yangu haitakatwa, watasafisha ndani. Mbona tofauti na mnavyosema?

Fizio wa Mikono

Daktari wako yuko sahihi. Kwa baridi yabisi kinachobana mara nyingi ni utando wa ala uliovimba na kujaa, si pete peke yake. Halafu vidole vyako tayari vina tabia ya kuvutwa upande wa kidole kidogo. Ukikata pete ya kwanza unaongeza mvuto huo. Kwa hiyo utando unasafishwa, na ikibidi kipande kimoja cha kano kinaondolewa, pete inaachwa. Mweleze historia yako yote kila anayekuona.

Mkono Kazi (mleta mada)

Naongeza la baada ya upasuaji, maana watu hufunga mkono kwa wiki nzima kwa hofu. Kidole kinaanza kukunjwa na kunyooshwa siku ile ile, taratibu, mara nyingi. Mkono uinuliwe juu ya kifua siku za mwanzo, kidonda kikae kikavu. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Kidonda kikishafunga vizuri, lisugue kovu kwa kidole kwa mzunguko, kila siku. Kovu litauma ukibonyeza au ukishika mpini wa kitu kizito, kwa wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Hilo ni la kawaida. Kazi nyepesi siku chache tu, kazi ya kushika kwa nguvu baada ya wiki tatu nne au zaidi.

Na lisilo la kawaida, kwa aliyepasuliwa, aliyechomwa sindano au aliyejichoma na mwiba: kidole chote kimevimba sawasawa, kimekaa kimekunja kidogo, ukibonyeza njia ya kano mbele ya kidole kinauma urefu wote, na mtu akikinyoosha kidogo tu unapiga kelele. Hayo ni maambukizi ndani ya ala. Usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huo huo, kano inaweza kuoza.

Siogopi Kusema

Nimemuuliza jirani. Amesema kweli kilikaa kimekunja zaidi ya mwaka kabla hajaenda, alikuwa anachua. Baada ya nyuzi kutoka hakurudi tena hospitali. Sasa ndiyo basi?

Fizio wa Mikono

Si basi, ndugu yangu. Arudi kwa daktari wa mikono na karatasi za upasuaji. Kwanza ataangalia kama pete ilifunguka yote: akikunja, kidole kinaenda mpaka kiganjani bila kunasa? Kikienda vizuri, basi kilichobaki ni kifundo cha kati. Hapo kuna banzi la aina nyingine, la kunyoosha kidogo kidogo, linavaliwa zaidi usiku na linaongezwa mkazo kadiri kifundo kinavyoachia. Ni kazi ya miezi, lakini digrii kadhaa za kunyooka hupatikana hata kwa waliochelewa. Ikishindikana, kuna upasuaji wa kuondoa kipande kimoja cha kano iliyo juu kati ya zile mbili zinazokunja kidole, ili nafasi iongezeke. Mwambie mchana akikunje na kukinyoosha kwa mkono wa pili, ashikilie bila kufika kwenye maumivu makali, na aache kuchua kiganja. Akipata nafasi, apime na sukari.

Siogopi Kusema

Nimempelekea ujumbe wako kama ulivyo. Amesema ataenda wiki ijayo, na ameuliza kama alipe gharama ya banzi kabla ya kuonana na daktari.

Fizio wa Mikono

Hapana, aonane na daktari kwanza. Pete ikiwa haijafunguka yote, banzi la kunyoosha litakuwa linavutana na fundo bure.